Stesheni ya Jinja: reli iliyofika kwa meli

Kila ninapowapeleka wanafunzi stesheni ya Jinja, nchini Uganda, swali huwa lile lile, na mara nyingi huulizwa na mtoto aliyenyamaza njia nzima: "Mwalimu, reli si ilitoka Mombasa ikaja moja kwa moja mpaka hapa?" Humjibu kwamba ilikuja, ndiyo, ila ilichelewa. Ilipofika ilikuta reli nyingine iko hapa miaka kumi na sita tayari, inapiga kazi. Na hiyo ya kwanza haikupita nchi kavu. Ililetwa na meli.

Sisi tunaotunza kumbukumbu za usafiri tuna lawama kidogo katika hili, maana ramani tunazowapa shule huchora mstari mmoja mwekundu toka Kilindini, bandari ya Mombasa, hadi Kampala, kana kwamba ulivutwa kwa siku moja. Ukisimama Jinja, mstari huo unakatika vipande, na kila kipande kimefungwa kwa kingine kwa maji. Kuielewa stesheni hii lazima uanzie ziwani.

Ujenzi wa reli iliyoitwa Reli ya Uganda ulianza Mombasa 1896, ukapita Nairobi 1899, na Desemba 1901 reli ikagusa Ziwa Viktoria mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Wengi hucheka kwamba Reli ya Uganda haikufika Uganda. Wanakosea, kwa miezi michache tu. Wakati huo Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda, katika jimbo lake la mashariki. Aprili 1902 jimbo hilo likahamishiwa upande wa pili, ambao baadaye ukawa Kenya. Reli haikusogea hata hatua moja. Kilichosogea ni mpaka.

Basi mwisho wa reli ukawa Kisumu, na safari iliyobaki ikawa ya meli. Meli zenyewe ni kisa. Haikuwezekana kuzileta zikielea, kwa hiyo ziliundwa Uingereza, zikafunguliwa vipande vipande, zikasafirishwa hadi Mombasa, zikapandishwa bara na kuungwa upya Kisumu, ribiti kwa ribiti. Ya kwanza ilikuwa William Mackinnon. Zikafuata Winifred na Sybil, kisha Clement Hill mwaka 1907. Hizo ndizo zilizokuwa zikitia nanga Entebbe, Port Bell na Jinja. Abiria aliyekata tiketi Mombasa alikuwa akishuka treni akipanda meli kama vile leo unavyobadilisha teksi pale stendi.

Sasa, kwa nini Jinja? Jibu liko mtoni. Nile inatoka ziwani hapa hapa, lakini haitoki kwa upole. Kuanzia yalipokuwa maporomoko ya Ripon, ambayo yamezama tangu bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lilipokamilika 1954, maji hushuka kwa miamba na mikondo mikali hadi karibu na Namasagali, kaskazini. Mashua haipiti. Ukishapita Namasagali, mto unatulia, unakuwa mpana, unaingia Ziwa Kyoga, na meli inaweza kwenda hadi Masindi Port. Kati ya maji matulivu ya kusini na yale ya kaskazini kulikuwa na kama maili 60 zisizopitika kwa chombo. Maili hizo ndizo zilizoizaa stesheni ya Jinja.

Reli ya Busoga, ndilo jina lake, ilianza kazi 1912, kutoka Jinja hadi Namasagali. Kila kitu chake kilivuka ziwa: reli, mataruma, vichwa vya treni, mabehewa, hata misumari. Ilikuwa reli ya kisiwa. Upana wake ulikuwa ule ule wa mita moja kama wa Mombasa, lakini haikugusana na reli nyingine yoyote. Kichwa cha treni kikiharibika kiasi cha kuhitaji karakana kubwa ya Nairobi, hakukuwa na njia ya kukipeleka isipokuwa kukipakia melini.

Kilichoilisha reli hii ni pamba. Zao hilo lilianza kusambazwa kwa wakulima wa Uganda mwaka 1903 na 1904, na katika miaka michache Busoga, Teso na Lango zilikuwa zikitoa mzigo ambao vichwa vya wapagazi visingeubeba. Hebu tulifuate robota moja. Uzito wake ratili 400, yaani kilo 181 hivi, limekazwa kwa vyuma mpaka ni gumu kama ubao. Linatoka ufukweni mwa Kyoga kwa meli, linashushwa Namasagali, linapakiwa behewani. Jinja linashushwa, linaviringishwa hadi gatini, linapakiwa melini. Kisumu linashushwa, linapakiwa behewani tena. Kilindini linashushwa, linasubiri meli ya Ulaya. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi mabega ya watu yaliliinua. Kila kuinuliwa ni malipo, ni siku imepotea, na mvua ikinyesha ghafla ni pamba imelowa.

Ndiyo maana ukiliangalia eneo la stesheni utaona limepangwa tofauti na stesheni za bara. Ya bara hukabili barabara, soko au boma. Ya Jinja ilikuwa na nyuso mbili, moja ya mji na moja ya maji. Maghala, njia za kupangia mabehewa, ofisi za mizigo, vyote vilivutwa na gati. Jukwaa la abiria ndilo lililokuwa jambo dogo. Wageni wetu wakifika hulipiga picha jukwaa na kuondoka, wakadhani wameiona stesheni. Hawajaiona.

Upweke wa kisiwa ulikwisha 1928. Tawi jipya lililotoka Nakuru lilipanda kilele cha Timboroa chenye futi 9,136 juu ya usawa wa bahari, likapita Eldoret, likashuka Tororo na kuungana na Reli ya Busoga pale Mbulamuti. Sasa behewa lililofungwa Jinja liliweza kufunguliwa Mombasa bila kushikwa na mtu njiani. Kisha daraja la reli likajengwa juu ya Nile, na 1931 treni ikafika Kampala. Kampala nayo ilikuwa na kipande chake cha zamani, cha kilomita kama 10 hivi, kutoka Port Bell, bandari iliyopewa jina la Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda kuanzia 1906 hadi 1909. Wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya chupa ya bia, na si kosa lao: kiwanda kilijengwa hapo Luzira na bia ikachukua jina la bandari.

Jinja ikawa stesheni ya kupita. Hapa nina maoni yangu, na si wenzangu wote wa idara wanaokubaliana nami: nadhani mji ulifaidika kwa kupoteza heshima ya kuwa mwanzo wa reli. Bandari ya kuhamishia mizigo huishi kwa jasho la makuli. Mji wenye reli ya moja kwa moja, na baadaye umeme wa bwawa mlangoni, uliweza kuvuta viwanda.

Namasagali haikubahatika hivyo. Kati ya 1961 na 1964 mvua zilipandisha Ziwa Viktoria zaidi ya mita mbili, Kyoga ikafurika pia, na gati na vifaa vya huko vikaharibika. Huduma ya meli ikakoma. Majengo ya bandari na reli yakageuzwa kuwa shule, ile iliyokuja kujulikana kama Namasagali College. Watu wazima wengi nchini walisoma hesabu mahali palipokuwa pakihesabiwa marobota.

Ziwa halikuachwa kabisa, hata hivyo. Katika miaka ya 1960 Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilileta vivuko vya mabehewa, Umoja na Uhuru, meli ambazo sitaha yake imetandikwa reli. Gati za namna hiyo zilikuwapo Kisumu, Mwanza, Port Bell na Jinja. Hiki ndicho kifaa ambacho watu hunitaka niwaeleze zaidi, kwa hiyo nitakieleza polepole.

Mwisho wa gati kuna kidaraja cha chuma chenye reli juu yake. Upande wa nchi kavu kimebanwa, upande wa maji kinapanda na kushuka. Ziwa halina kupwa na kujaa kwa kila siku kama bahari, lakini kimo chake hubadilika kwa majira, na meli yenyewe huzama kidogo kadiri inavyobeba. Kidaraja lazima kifuate. Meli inarudi nyuma mpaka reli zake zikabiliane na za kidaraja, inafungwa, kisha shunta, mfanyakazi wa kupanga mabehewa, anainama kuhakikisha zimelingana. Mzee mmoja mstaafu alinionyesha jinsi alivyokuwa akifanya: hakuangalia kwa macho tu, alipitisha kidole gumba juu ya kiungo, taratibu, kama fundi seremala anayepima ubao aliopiga randa. "Jicho linadanganya jua likiwa kali," aliniambia. "Kidole hakidanganyi."

Kichwa cha treni hakipandi kidarajani kwa kuwa ni kizito mno. Huwekwa mabehewa matupu kati yake na mzigo, yakawa kama mkono mrefu wa kusukumia, na kichwa kikabaki salama nchi kavu. Mabehewa hayaingizwi upande mmoja mpaka ujae. Ukifanya hivyo meli italala na kidaraja kitapinda. Huingizwa kwa zamu, kushoto, kulia, na katikati, huku mtu wa melini akitazama meli imeinama kiasi gani. Yakishakaa hutiwa kabari magurudumuni na kukazwa kwa minyororo, hata kama ziwa limetulia kama maji ya beseni.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, shirika la pamoja liligawanywa: Uhuru ikabaki Kenya, Umoja ikaenda Tanzania. Uganda ikajipatia meli zake tatu katika miaka ya 1980: Kabalega, Pamba na Kaawa. Mei 2005 Kabalega na Kaawa ziligongana ziwani, na Kabalega ikazama. Treni za abiria za masafa zilikuwa zimekwisha kusimama tangu 1997. Umoja ilirudi kuleta mabehewa Port Bell kutoka Mwanza mwaka 2018. Gati la Jinja halijapata bahati hiyo.

Ukija leo kuna mambo ya kutazama ambayo hayahitaji tiketi. Inama uangalie ubavu wa reli za pembeni. Mara nyingi zimechongwa herufi za kiwanda na mwaka zilipotengenezwa, na si ajabu reli ikawa na umri mkubwa kuliko nyumba zote unazoziona. Angalia mataruma: mengi ni ya chuma, kwa sababu mchwa wa nchi hii hawakuwa na huruma na mbao. Chuma hicho hicho ndicho kinachowavutia wezi wa vyuma chakavu. Taruma moja likiibwa, upana wa reli unaanza kulegea, na hakuna dereva anayeweza kulijua hilo kwa mbali. Stesheni za zamani za njia hii zilikuwa na ubao wa jina wenye kimo juu ya usawa wa bahari, na ukiusoma karibu na ziwa hili unagundua uko zaidi ya mita 1,130 juu ya ile bahari ya Mombasa. Watoto hubisha. Kwa Luganda ziwa na bahari ni neno moja, ennyanja, kwa hiyo kwao hii ni bahari, kwisha maneno.

Na kuhusu maneno: msisahau kwamba Kiswahili nacho kilisafiri kwa njia hii. Dereva Msingasinga, karani Mgoa, fundi Mjaluo na kuli Msoga walipokutana katika landi, yaani makazi ya wafanyakazi wa reli, walihitaji lugha ya kuambiana "kaza breki". Mganda anayekwambia eggaali y'omukka amelitafsiri gari la moshi, na hilo gaali lenyewe amelitoa kwenye Kiswahili.

Ndani ya eneo la stesheni kuna Makumbusho ya Reli ya Uganda, yaliyofunguliwa 2022. Walimu wanaotaka kuleta darasa nawaomba mambo mawili. Watoto wasitembee katikati ya reli hata kama zinaonekana zimelala, kwa maana treni za mizigo kati ya Malaba na Kampala bado zinapita hapa, na treni iliyobeba haisimami kwa hatua mia. La pili, msianzie jukwaani. Anzeni chini, kwenye maji, kisha pandeni na njia ya reli kuelekea mjini, kwa sababu hivyo ndivyo kichwa cha kwanza cha treni kilivyoingia Jinja.