Dokezo ambalo sikuliandika

Nimefanya kazi ya hesabu za serikali kwa miaka mingi, na somo la uongozi lililonikaa kuliko yote nililipata nikiwa nimechuchumaa masjala, nikipekua majalada.

Wakati huo nilikuwa nakaimu ukuu wa idara. Jioni moja yaliletwa malipo ya dharura: pampu ya maji imekufa, fundi anasubiri. Nikaidhinisha. Uamuzi ulikuwa sahihi, wala hakuna senti iliyopotea, ila sikuandika dokezo la kueleza kwa nini tulimchukua fundi yule bila kushindanisha bei. Miezi minane baadaye ikaja hoja ya ukaguzi. Sababu nilikuwa nayo kichwani, lakini jaladani haikuwamo. Nilitafuta siku tatu, mpaka nikakuta taarifa ya mlinzi wa zamu imechomekwa kimakosa kwenye jalada la likizo, imeandikwa kwa penseli: "Maji yameingia kwenye mota." Mstari ule mmoja ndio ulioifunga hoja.

Tangu siku hiyo naandika sababu kabla ya saini. Mistari mitatu hutosha: tatizo ni lipi, kulikuwa na njia gani nyingine, na kwa nini nimeshika hii. Bosi anayeandika hivi huwakinga walio chini yake, maana swali likija halimwangukii karani aliyebeba hundi tu. Humsaidia pia mtu atakayekalia kiti kile baadaye, ambaye pengine leo bado yuko shuleni. Tunasema cheo ni dhamana. Basi dhamana lazima iweze kusomeka na mtu mwingine.

Wazo hili lina historia. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1866 ilizitaka idara za serikali zitoe hesabu za matumizi kila mwaka, zikaguliwe na mkaguzi mkuu ambaye hangeweza kuondolewa kazini bila ombi la mabaraza yote mawili ya Bunge. Anayetumia fedha asijikague mwenyewe. Mnyofu naye hukaguliwa, na kwa kweli yeye ndiye anayefaidika zaidi, kwa sababu ana karatasi ya kumtetea.

Kwenye fedha zangu nilichukua jambo moja tu kutoka ofisini: kasma, yaani fungu la fedha lililotengewa kazi yake. Katika bajeti ya serikali, fedha hupewa kazi kabla ya kutumika, na kuzihamisha kutoka kasma moja kwenda nyingine huhitaji kibali. Vijana wengi wanaoanza kazi hulalamika kwamba huo ni urasimu. Mimi naamini ndiyo breki bora niliyowahi kuiona. Nyumbani tuna kasma tano, na mimi na mume wangu tumekubaliana kwamba hakuna anayegusa ya ada au ya akiba bila mwenzake kuandika "sawa" kwenye daftari. Mara nyingi, tangu naanza kuitafuta ile kalamu, haja yenyewe hupungua. Sisemi daftari linaongeza mshahara. Kuna kipato kidogo kisichotosha hata ukikigawa vipi, na kumwambia mtu wa namna hiyo apange vizuri ni kumwonea.

Lakini kitu ambacho ningependa kila mtu akichukue ni hati ya makabidhiano. Mtumishi anayehama kituo huorodhesha mali, madeni, funguo na kazi ambazo hazijaisha, halafu anayeondoka na anayepokea wote hutia saini. Nimeona familia zikihangaika miezi mingi baada ya msiba kwa kukosa karatasi kama hiyo, wakati marehemu alikuwa hodari wa kuiandika kazini.

Mwaka huu nimeandika ya nyumbani. Imetoka kurasa mbili: akaunti, bima, hati, ninayemdai na anayenidai. Nikampa binti yangu mkubwa aisome. Aliisoma polepole mpaka mwisho, akauliza, "Mama, ufunguo wa kabati la chuma uko wapi?"

Nikachukua kalamu, nikaongeza mstari.