Kamera ndogo ya mama: maneno ya dukani na ukweli wake

Mama yangu yuko Pangani na amesuka ukili tangu akiwa binti. Vidole vyake vimekauka na kukomaa kwa miaa, kwa hiyo simu ya kugusa haimsikii: anagusa mara moja, mara mbili, ya tatu kinafunguka kitu kingine kabisa. Aliponiambia, "Mwanangu, nataka nibaki na picha ya kila mkeka kabla haujaenda kwa mnunuzi," nikaanza kumtafutia kamera ya mfukoni yenye vitufe. Ushauri niliopata ulikuwa mwingi, na sehemu kubwa yake haikuwa kweli.

"Megapikseli nyingi ndiyo picha nzuri." Hili ndilo linalowapotezea watu fedha kuliko yote. Picha ya kusafisha ya inchi 4 kwa 6, ile ya albamu, ikichapwa kwa nukta 300 kila inchi inataka nukta 1,200 kwa 1,800, yaani megapikseli 2 na kidogo (megapikseli moja ni nukta milioni moja). Ukurasa mzima wa A4 unataka karibu 9. Kamera ndogo nyingi zilizotengenezwa miaka ya 2010 zina 16 au 20, kwa hiyo hapo hakuna cha kushindania. Kinachotofautisha ni kihisi, kile kijisahani cha ndani kinachopokea mwanga. Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi cha takriban milimita 6.2 kwa 4.6. Sony RX100, iliyotoka mwaka 2012, ina cha milimita 13.2 kwa 8.8, eneo lililo kubwa mara nne. Zote mbili zinaweza kuandikwa 20 kwenye boksi. Ni kama kukinga mvua: sufuria pana hupata maji mengi kuliko kikombe, japo mvua ni ile ile. Mchana wa jua hutaona tofauti kubwa, lakini usiku sebuleni utaiona. Na ukikuta kamera isiyojulikana, ya bei ya chini kabisa, imeandikwa 48 au 64, jihadhari: mara nyingi nukta hizo zimeongezwa na programu kwa kukisia.

"Hii ina zumu ya 16X." Uliza zumu ya nini. Zumu ya lenzi huvuta kitu karibu kwelikweli. Zumu ya kidijitali hukata kipande cha katikati ya picha na kukipanua, jambo ambalo unaweza kulifanya mwenyewe baadaye. Soma maandishi yaliyozunguka lenzi. Ukiona 4.6–23.0 mm, gawa kubwa kwa ndogo, unapata 5, na hiyo ndiyo zumu ya kweli. Ikiwa pameandikwa namba moja tu, lenzi hiyo haivuti.

"Ukiweka Auto, kamera inajua yenyewe." Fikiria asubuhi ya Idi: wajukuu wamepangwa mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kanzu nyeupe, kofia nyeupe, jua kali. Picha inatoka kanzu za kijivu na nyuso nyeusi tii, macho hayaonekani. Watu husema ni rangi yetu ndiyo haitoki vizuri, na neno hilo huniuma, maana kosa ni la kipimo. Kamera inapopima mwanga hukadiria kwamba mandhari yote, ukiyachanganya, yana weupe wa kadiri. Haijui kwamba kilichojaa mbele yake ni nguo nyeupe. Inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na nyuso ndizo zinazoumia. Dawa ni alama ya +/-, inayoongeza au kupunguza mwanga wa picha. Ipandishe hadi +0.7 au +1 na uso unarudi. Jua likiwa nyuma ya watu, lazimisha flashi iwake hata mchana. Kwenye kamera ndogo mwanga wa flashi hufika kama mita tatu, basi sogea. Kamera nyingi hufunga alama ile ya +/- ukiwa kwenye Auto, kwa hiyo hamia P, ambako kamera bado hupima yenyewe lakini inakuachia urekebishe. Mimi dukani nilihesabu mibonyezo ya kuifikia. Ikizidi miwili, niliirudisha kwa muuzaji.

"Mtu mzima mnunulie ile ya watoto, ni rahisi." Kamera nyingi za watoto zina lenzi isiyorekebisha umbali. Mtu aliye mita mbili anaonekana sawa, ila nakshi za mkeka kwa umbali wa kiganja kimoja zinatoka ukungu mtupu. Mama alihitaji alama ya ua, ile ya vitu vya karibu. Alihitaji pia kufundishwa jambo moja, nalo lilichukua alasiri nzima barazani. Alikuwa akikigandamiza kitufe kama anayebana mlango, kamera inainama, picha inatikisika. Nikamshika kidole: bonyeza nusu, subiri mlio na kisanduku cha kijani, ndipo umalizie. Kufikia magharibi alikuwa anamfundisha jirani.

"Memori kadi ni memori kadi." Kadi za SD za kawaida huishia GB 2, SDHC huenda hadi 32, SDXC ni juu ya hapo. SDHC ilikuja 2006, hivyo kamera nyingi za kabla yake haziisomi. Kamera za mtumba za Olympus na Fujifilm za miaka hiyo nyingi hutumia xD, kadi ya aina nyingine, ambayo leo ni taabu kuipata. Na kuna kadi za uongo: niliwahi kununua ya GB 64, na baada ya harusi ya ndugu yangu picha za nusu ya pili hazikufunguka hata moja. Kadi ilikuwa ndogo, imepangwa idanganye ukubwa wake. Sasa kadi mpya naijaza mafaili yote kwenye kompyuta kisha nayafungua tena kabla ya kuiamini.

"Ya mtumba imeshachoka." Si lazima. Iwashe na kuizima mara tano usikilize kama lenzi inakwaruza, maana mchanga ukiingia mle huikwamisha. Mulika tochi ndani ya kioo; ukiona utando kama wa buibui, huo ni ukungu wa unyevu, na huku pwani ni wa kawaida. Hakikisha ina chaja yake.

Ya mama ni ya mtumba, megapikseli 20, zumu 5. Mwezi uliopita mpwa wangu alihamisha picha kutoka kwenye kadi akanitumia: 41 kwa jumla. Saba ni za wajukuu. Zilizobaki ni mikeka, na ukitazama vizuri unaweza kuhesabu miaa mmoja mmoja.