Mwezi mpevu wa Novemba Malindi: uje lini, uelekee wapi, utazame nini

Swali ninaloulizwa sana na wanaokuja ufukweni kutazama mwezi ni hili: tuje siku gani? Mimi ni mtu wa falaki, na jibu langu ni kwamba tarehe peke yake haitoshi. La muhimu ni mwezi uchomoze karibu na machweo. Ukichomoza mapema, jua lingali juu na mwezi ni doa jeupe lisilo na nguvu. Ukichelewa, giza limeingia na bahari huioni tena.

Kila siku mwezi huchelewa, kwa wastani dakika 50, na mwishoni mwa Novemba huku kwetu huchelewa karibu saa nzima. Kwa hiyo jioni nzuri ni moja tu. Mwaka 2026 mambo yamekaa vizuri mno: mwezi unatimia Jumanne, 24 Novemba, saa 11 na dakika 53 jioni, na jua la Malindi linatua yapata saa 12 na robo. Jua na mwezi vitapishana kwa dakika chache tu. Wanaofunga masiku meupe, yaani tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, watakuwa wakifuturu wakati huohuo.

Nenda kwenye rasi yenye Nguzo ya Vasco da Gama, ila usikodolee macho mashariki kamili. Novemba jua huwa limesogea kusini, na mwezi mpevu hukaa mkabala na jua, hivyo wenyewe huchomoza upande wa kaskazini. Safari hii ni kama digrii 25 kaskazini ya mashariki. Washa dira ya simu, igeuze mpaka isome 65, hapo ndipo.

Kisha weka simu chini. London, ambako wakati huo majani yamekwisha kupukutika, mwezi hupanda kwa mshazari na huchukua karibu dakika 5 kutoka wote. Sisi tuko jirani na ikweta. Kwetu hupanda karibu wima, na dakika 2 na nusu zinatosha kuumaliza.

Kwanza utaona ukingo mwembamba wa rangi ya shaba, pengine mwekundu kabisa, kwa sababu mwanga wake umepita kwenye hewa nyingi iliyotawanya bluu njiani. Halafu utaona si duara. Umebonyea, kimo kimepungua kama moja ya sita. Hewa hupinda mwanga na kuuinua, na upande wa chini wa mwezi, unaopita kwenye hewa nzito zaidi, huinuliwa zaidi kuliko wa juu. Sasa fikiri jambo hili, ambalo hunisisimua kila mara: kuinuliwa huko kunazidi kidogo upana wa mwezi wenyewe. Unapouona wote umekaa juu ya maji, ukingo wa chini ukigusa upeo, kwa hesabu mwezi mzima bado uko chini ya upeo. Unatazama kitu ambacho, lau hewa isingekuwapo, usingekiona hata ukingo.

Na ule ukubwa mwezi unaoonekana nao ukiwa upeoni? Ni macho yanakudanganya. Nyoosha mkono na uufunike kwa ncha ya kidole cha mwisho, kisha rudia saa sita usiku ukiwa juu: kidole kilekile kinautosha. Tena ukiwa upeoni uko mbali nasi zaidi, kwa umbali unaokaribia nusu kipenyo cha dunia, kilomita 6,378.

Usisahau anga nyuma yake. Jua likishatua, ukanda wa rangi ya samawati iliyofifia hupanda mashariki, juu yake waridi. Huo ukanda ni kivuli cha dunia yetu juu ya hewa. Wengi hudhani ni ukungu.

Maji ni ya bamvua, yaani hujaa na kupwa kupita kawaida. Yatakuwa yamejaa yapata saa kumi jioni na yameanza kupwa, kwa hiyo ukikaa mpaka saa nne usiku utaona mwamba mtupu. Wavuvi wa dagaa wanaotegemea taa hawatoki. Mbalamwezi huwaharibia kazi.

Kitu kinachoniumiza ni mawingu ya vuli, ambayo hupenda kujipanga upeoni jioni. Yakiziba, usiondoke. Mwezi hupanda karibu digrii 13 kwa saa, na robo saa mara nyingi hutosha kuuvusha juu ya wingu la chini.