Bomba la stenlesi ndani ya dohani ya tofali: usiliache uchi

Kila bei ya blanketi la kuhami, yaani la kuzuia joto lisitoroke kwenye bomba la stenlesi lililo ndani ya dohani, inapotajwa, mteja huuliza: Dodoma joto lote hili, bomba la moshi linafunikwa la nini? Swali ni la haki na linastahili jibu kamili, kwa sababu mabomba mengi yanayoshindwa kazi hapa mjini hayana tundu wala ufa. Yamewekwa vizuri, ila yameachwa uchi ndani ya tofali baridi.

Moshi hupanda kwa kuwa hewa iliyo ndani ya dohani ni ya moto na nyepesi kuliko hewa ya nje. Chukua dohani ya mita 6, nje nyuzi 25. Moshi ukiwa na wastani wa nyuzi 250, mvuto wake, yaani nguvu inayopandisha moshi, hapa kwetu ni kama paskali 26. Ukipoa hadi wastani wa nyuzi 100, mvuto unashuka hadi paskali 12, na hapo bado hujatoa msuguano wa bomba, kona na kofia. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi. Dohani hiyohiyo, kwa joto hilohilo, ingevuta zaidi kwa asilimia 14 hivi ikiwa Dar es Salaam. Mchana wa Oktoba, nje kukiwa na nyuzi 32, tofauti ya joto inapungua na mvuto unashuka tena. Kwa hiyo joto la Dodoma halisaidii dohani hata kidogo, linaidai zaidi.

Sasa angalia tofali. Dohani yenye uwazi wa milimita 230 kwa 230 na ukuta wa nusu tofali hubeba karibu kilo 270 kwa kila mita. Mita 6 ni zaidi ya tani moja na nusu. Mwoka mikate anayewasha tanuri saa kumi alfajiri ya Julai anaanza kwa kulipasha joto lundo hilo lote, na moshi hautoki vizuri mpaka lipate moto. Bomba la stenlesi la urefu huo halifiki kilo 20. Likihamiwa, linashika joto ndani ya dakika chache. Lisipohamiwa, joto lake linanyonywa na tofali njia nzima.

Moshi ukikutana na ukuta ulio chini ya nyuzi 120 hivi, mvuke wa lami ya kuni unaanza kuganda. Ukuta ukishuka chini ya nyuzi 50, na maji yaliyomo kwenye moshi yanageuka matone. Mchanganyiko huo ndio ile nta nyeusi inayong'aa, inayonuka, na siku ikiwaka ndani ya dohani moto wake unaweza kufika nyuzi 1,000. Kwenye dohani za tofali zilizojengwa kwa udongo, ambazo ni nyingi mkoani, maji hayo yenye tindikali hupenya viungo na kutokeza kwenye lipu kama madoa ya kahawia. Ukipaka rangi juu yake, doa linarudi.

Kabla ya kununua chochote

Toa masizi yote kwanza. Kisha shusha timazi kutoka juu hadi chini, upate urefu na ujue kama dohani imenyooka. Baada ya hapo shusha mpira au kigogo cha mviringo chenye kipenyo cha bomba pamoja na kihami chake. Kikikwama, kuna udongo uliotokeza kwenye kiungo au tofali iliyoingia ndani, na ni afadhali ukijua leo kuliko siku bomba liko nusu njia. Kona zisizidi nyuzi 45.

Kipenyo cha bomba kisiwe chini ya mdomo wa jiko. Jiko lenye mdomo wa milimita 150 linapewa bomba la milimita 150. Kulipatia la 200 kwa kudhani litavuta zaidi ni kosa, maana moshi uleule unatembea polepole kwenye nafasi kubwa na kupoa zaidi.

Bomba linalonyumbulika kwa ajili ya kuni lazima liwe la tabaka mbili, laini ndani na mikunjo nje, la stenlesi ya daraja la 316 au zaidi. Daraja la 904 linastahimili tindikali vizuri zaidi, na bei yake ni kubwa pia. Lipo bomba la tabaka moja, jepesi, la vifaa vya gesi. Hilo kwenye kuni linatoboka, hata kama muuzaji anasema ni stenlesi ileile. Bati la kawaida lenye zinki lisifikiriwe kabisa: zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419, na mvuke wake ni sumu.

Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi hapa mjini hayaweki bomba hili, kwa hiyo agiza mapema kutoka Dar es Salaam. Pima urefu wa dohani, ongeza nusu mita. Linasafiri likiwa limekunjwa duara. Lisiwekwe chini ya mizigo, maana likibonyea mahali hapo masizi yatajikusanya daima. Ukilikosa kabisa na dohani yako imenyooka, fundi bati mzuri anaweza kukunja vipande vigumu vya mita moja kwa stenlesi ya milimita 1. Kila kipande cha juu kiingie ndani ya kile cha chini, ili lami inayotiririka ibaki ndani ya bomba. Wengi hupanga kinyume kwa mazoea ya mabati ya paa, na lami hutoka kwenye kila kiungo.

Hesabu ya kihami

Hapa ndipo pa kutulia. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 150 lina kipenyo cha nje cha kama 157. Ukilifunga blanketi la pamba ya kauri la milimita 25, unafika 207. Kwenye uwazi wa 230 zinabaki milimita 11 na ushee kila upande, na dohani za tofali za kuchoma hazijawahi kunyooka kiasi hicho. Ikiwa kigogo cha kupimia kimekataa, tumia blanketi la milimita 13, ambalo linakupa kipenyo cha 183. Ni bora blanketi jembamba lililozunguka bomba lote kuliko nene lililochanika njiani.

Roli la kawaida la milimita 25 lina upana wa milimita 610 na urefu wa mita 7.3 hivi. Upana huo, ukilazwa kwa urefu wa bomba la 150, unazunguka na kukutana kingo kwa kingo. Roli moja linamaliza dohani ya mita 6 na masalio yanafunika eneo la juu la jiko. Usilizungushe kama bandeji, unapoteza nyenzo na mshono unafunguka wakati wa kushusha.

Tandika turubai mahali safi, nyoosha bomba, lifunge blanketi, kisha foili juu yake na utepe wa alumini kwenye mshono. Mwisho livishe wavu mwembamba wa stenlesi nje ya kila kitu na uubane kwa klempu kila nusu mita. Wavu huu si urembo, ndio unaopokea mikwaruzo ya tofali badala ya foili. Vaa glavu nene, kwa kuwa kingo za bomba hukata kama wembe, na barakoa ya vumbi laini, si kitambaa, kwa sababu nyuzi za pamba ya kauri zikiingia mapafuni hazitoki.

Njia ya pili ni kumimina vamikulaiti, chembe nyepesi za madini zinazohami joto, kuzunguka bomba. Kwenye uwazi wa 230 na bomba la 157, mita 6 zinataka kama lita 200, yaani mifuko miwili ya lita 100. Changanya sehemu 8 za vamikulaiti kwa sehemu 1 ya saruji. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatosha na kubaki. Maji yawe kidogo: ukifumbata ngumi, mchanganyiko ushikamane bila kudondosha tone. Bomba likae katikati na lizungukwe na milimita 25 angalau, mimina kidogo kidogo, na usishindilie. Subiri wiki mbili, kisha washa moto mdogo siku kadhaa kabla ya ule wa kazi.

Mimi huchagua blanketi karibu kila mara. Vamikulaiti huimarisha dohani iliyochoka, lakini bomba likiharibika huwezi kulitoa bila kubomoa. Mchanga usitumike kamwe: unapitisha joto, unalemea, na unashuka kujaa chini na kuacha juu patupu. Zege ni baya zaidi, kwani stenlesi ya mita 6 ikipanda kwa nyuzi 400 inarefuka karibu milimita 38. Ikibanwa juu na chini, itajikunja mahali. Pamba ya kioo ya darini nayo isikaribie bomba la kuni.

Kulishusha

Tafuta mshale uliochapwa kwenye bomba. Uelekee juu, kule moshi unakokwenda. Ndani kuna mishono iliyopandana. Ikikaa sawa, lami inateleza juu yake, ikikaa kichwa chini, kila mshono unakuwa kijikombe cha kukusanya lami na brashi inanasa. Mshale ukifutika wakati wa kukata, pitisha kidole ndani: upande unaoteleza bila kukwaruza ni wa kushuka.

Funga koni mbele ya bomba na kamba imara kwenye koni. Mmoja juu analisha, mwingine chini anavuta taratibu, wanaongea muda wote. Likikataa, rudisha kidogo na uzungushe kuelekea upande mikunjo inakojifunga. Ukizungusha kinyume, mikunjo inafunguka na bomba limekwisha kazi. Usivute kwa nguvu za watu wawili. Linaponyooshwa kupita kiasi linapungua kipenyo na tabaka la ndani linaachia.

Chini, bomba liingie kwenye adapta, yaani kiunganishi cha bomba na jiko, iliyofungwa kwa skrubu za stenlesi tatu au nne, na upande wa adapta unaoelekea kwenye jiko uingie ndani ya mdomo wa bomba la jiko. Ziba kwa kamba na saruji za kuhimili moto. Uwazi unaobaki kati ya bomba na tofali ufungwe kwa sahani ya chuma, la sivyo hewa ya jikoni itapanda nje ya bomba na kulipoza, na kihami chako kitakuwa kazi bure. Acha mlango wa kusafishia mahali mtu anapoweza kufika bila kubomoa.

Juu, uzito wote ubebwe na sahani yenye klempu iliyolala kwenye tofali. Pandisha saruji kuzunguka kwa mteremko ili mvua za Desemba hadi Aprili zitoke nje, ila saruji isishike bomba. Kofia ni lazima: mvua inayoingia hulowesha blanketi, na blanketi lililolowa halihami. Weka wavu wa matundu ya sentimita 2 kuzuia ndege. Wavu wa mbu unaziba kwa masizi haraka mno.

Dohani ikiwa karibu na kilele cha paa, mdomo wake upande angalau sentimita 60 juu ya kilele. Upepo wa kusini-mashariki wa Julai na Agosti unaopiga Dodoma huviringika nyuma ya paa na kusukuma moshi chini, na hakuna kofia inayotibu dohani fupi. Angalia pia papi na kenchi. Mahali bomba tupu la milimita 150, lisilo ndani ya dohani, linapopita, mbao zikae sentimita 45 mbali.

Kabla ya kuwasha jiko, jaribu kwa moshi: ziba mdomo wa juu, choma kidonge cha kutoa moshi ndani ya jiko, kisha zunguka nyumba nzima ukinusa na kutazama, hata darini. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, kwa hiyo ni moshi huu ndio unaokuonyesha pa kupita kwake. Ukiuona mahali popote isipokuwa kwenye kizibo cha juu, usimkabidhi mteja jiko.

Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeagizwa na serikali kuachana na kuni na mkaa. Shule inayohamia gesi isiunganishe jiko jipya kwenye bomba lililokwisha kupitisha kuni kwa miaka. Masizi yaliyobaki hudondoka na kuziba, na gesi ina bomba lake.

Kwa tanuri ya mikate inayowaka kila siku, safisha kila mwezi. Kwa jiko la nyumbani, mara mbili kwa mwaka, na mojawapo iwe kabla ya mvua. Tumia brashi ya nailoni. Ya waya wa chuma hukwaruza stenlesi na kuacha chembe zinazopata kutu. Kuni ziwe na unyevu chini ya asilimia 20, na plastiki isichomwe humo hata mfuko mmoja, kwani klorini iliyomo kwenye plastiki ya PVC hutoboa hata daraja la 316. Maji meusi yakianza kudondoka kwenye adapta, pima unyevu wa kuni kwanza, halafu panda uangalie kofia. Blanketi lichunguzwe mwisho, maana mara nyingi halina kosa.