Kusajili maana yake nini? Na kwa nini aliyesajiliwa si lazima awe alicheza

Wiki hii nimelisikia mara tatu kosa lile lile: mtu aliyesajiliwa tu na klabu anasemwa kuwa aliichezea. Mara ya kwanza ilikuwa redioni, kipindi cha michezo cha jioni. Mtangazaji anamtambulisha mgeni kuwa "alikipiga Simba", na mgeni mwenyewe, muungwana, akakohoa kidogo akasema alikaa pale miezi sita tu na hakubahatika kupata namba. Mtangazaji akapita kama hajasikia. Mara ya pili lilikuwa tangazo la msiba, na hapo nilinyamaza, msibani hapasahihishwi kitu. Ya tatu ni kwa kinyozi. Mtu ananibishia na mashine iko kichwani kwangu: "Alichezea Yanga huyo, si walimsajili? Mimi nakumbuka mpaka picha yake ameshika jezi!"

Ameshika jezi. Hata kuivaa bado.

Kusajili ni kuandika jina la mtu au kitu katika daftari rasmi la mamlaka, ili kuanzia hapo kitambulike. Basi, hakuna zaidi. Kwenye soka mamlaka ni shirikisho, kwetu TFF, na anayesajiliwa hupewa leseni inayomruhusu kuichezea klabu fulani, mashindano fulani, msimu fulani. Inayomruhusu. Laini ya simu uliyoisajili kwa alama za vidole ukaitupa kwenye droo imesajiliwa kweli, lakini haijapiga simu hata moja.

Neno lenyewe limetembea sana, na safari yake inaeleza mengi kuliko maana niliyoitoa hapo juu. Kwa Kilatini signum ni alama. Alama ndogo, kama ile ya pete inayogandamizwa kwenye nta kufunga barua, wakaiita sigillum. Wagiriki wa Bizanti wakalichukua, na kwao likaacha kuwa muhuri likawa waraka uliopigwa muhuri. Waarabu wakalipokea likiwa sijill: gombo, hati, daftari. Aliyepita madrasa atalikumbuka kwenye Suratul Anbiyaa, aya ya 104, mbingu zinapokunjwa kama linavyokunjwa gombo la maandiko. (Asilichanganye na sijjiil ya Suratul Fiil, yale mawe waliyorushiwa watu wa tembo. Hilo ni neno jingine, ni la udongo uliochomwa.) Kiarabu kikalitolea kitenzi, sajjala, kuandika daftarini, na sisi wa Pwani tukabeba kitenzi hicho tukakivalisha viambishi vyetu. Msajili, usajili, kusajiliwa, kusajilisha, wote hao ni wazaliwa wa hapa.

Sasa hapa ndipo huwa nacheka peke yangu. Signum ile ile ilishika njia nyingine, ikapita Ufaransa, ikaingia Kiingereza, ikatufikia kama saini. Kwa hiyo gazeti moja likiandika "amesaini" na jingine "amesajiliwa", maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja, mmoja kaja na jahazi, mwingine kaja na meli ya Mwingereza. Na kama ndugu wengi, hawafanyi kazi moja. Kusaini ni jambo la mchezaji na klabu, wako wawili mezani na kalamu. Kusajili ni jambo la shirikisho. Mchezaji anaweza kusaini leo na dirisha, yaani kipindi kilichowekwa cha kusajili, likafungwa usiku karatasi zake hazijakamilika. Huyo ana mkataba, anakula mshahara, anafanya mazoezi na wenzake, na Jumamosi anakaa jukwaani na sisi kwa sababu hana leseni. Ukitaka kupima vizuri, ngazi ziko tatu: kasaini, kasajiliwa, kacheza. Kila ngazi ina watu walioishia hapo hapo.

Kilichovuruga mambo ni kwamba magazeti ya michezo yamelifanya "usajili" kuwa jina la msimu mzima wa kununua na kuuza wachezaji. Dirisha kubwa la mwanzo wa msimu, dirisha dogo la katikati, "usajili wa Yanga unatisha", "Simba wamelamba dume". Sina ugomvi na hilo, neno likifaa litumike. Lakini mwezi mzima tukimzungumzia mchezaji kabla hajapiga mpira hata mmoja, akilini tunakuwa tumeshamchezesha. Miaka kumi baadaye tunakumbuka kelele za usajili, tunadhani tunakumbuka mechi.

Asiyeamini kwamba haya ni mambo mawili asome kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji. Zinasema mchezaji anaweza kusajiliwa na klabu zisizozidi tatu ndani ya msimu mmoja, lakini mechi rasmi anaweza kuzichezea klabu mbili tu kati ya hizo. Tatu kwa kusajiliwa, mbili kwa kucheza. Kama kusajiliwa kungekuwa ndiko kucheza, kifungu hicho kisingekuwa na kazi. Na kanuni hizo hizo zinaeleza mechi rasmi ni ipi: ligi ya taifa, makombe ya taifa, mashindano ya kimataifa ya klabu. Mechi za kirafiki na za majaribio wamezitoa nje.

Nisionekane naudharau usajili. Kuna mahali ambapo wenyewe ndio unaohesabika na kucheza hakuulizwi kabisa, nako ni kwenye fedha. Mchezaji akiuzwa nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fidia inayolipwa kumnunua hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia mwaka aliotimiza miaka 12 mpaka 23. Zinajulikanaje? Kwa usajili. Ile inayoitwa pasipoti ya mchezaji ni historia ya mahali aliposajiliwa, msimu kwa msimu. Timu ya mtaani iliyomfundisha kijana miaka minne bila kumwandikisha popote inabaki na hadithi, na hadithi haiendi benki.

Mimi haya yalinianzia mbali na fedha. Yapo miaka kadhaa sasa nasaidia klabu moja ya mkoani kukusanya orodha ya wachezaji wake wa zamani. Nilidhani ni kazi ya mwezi. Nichukue fomu za usajili nilizozikuta kwenye boksi, ninakili majina, niyapange kwa alfabeti, nimalize. Nilipata majina mengi sana. Nilipompelekea mmoja wa manahodha wa zamani aipitie, akaenda na kidole taratibu mpaka chini, akaanza upya, kisha akaniuliza, "Hawa nusu yake ni akina nani?"

Ndipo nikajua nilichokuwa nacho mkononi. Sajili inahesabu ruhusa. Orodha ya wachezaji wa zamani inahesabu watu waliokanyaga uwanja, na hicho hukipati kwenye fomu. Unakipata kwenye ripoti za waamuzi na makamisaa wa mechi, kwenye orodha za kikosi zilizojazwa siku ya mchezo, magazetini, na kwa wazee. Hata karatasi ya kikosi haitoshi, kwa sababu walio benchi nao wameandikwa. Uingereza ligi yao haikuruhusu mchezaji wa akiba kuingia mpaka msimu wa 1965/66, na mwanzoni ni kwa aliyeumia tu. Kabla ya hapo mtunza kumbukumbu alikuwa na raha, majina kumi na moja na kazi imekwisha. Siku hizi lazima umtafute nani aliinuka, dakika ya ngapi. Watunza kumbukumbu huandika idadi mbili, mechi alizoanza na alizoingia akitokea benchi, na aliyekaa mpaka filimbi ya mwisho haandikiwi kitu.

Halafu fomu zinahesabu mara, hazihesabu watu. Emmanuel Okwi, mshambuliaji wa Uganda, alikuja Msimbazi, yaani Simba, mara tatu, na katikati akapita Jangwani, kwa Yanga. Ukizifuata karatasi za Simba utampata Okwi wa 2010, wa 2014 na wa 2017. Mtu ni mmoja. Kinyume chake, ukiandika "Manara" kwenye kikosi cha Yanga cha miaka ya 1970 utakuwa umeandika mtu mmoja mahali pa ndugu watatu: Kitwana, Sunday na Kassim. Wazee walilimaliza tatizo hili zamani kwa majina ya utani. Kitwana alikuwa Popat, Sunday alikuwa Computer, na hakuna aliyewachanganya. Mimi siyafuti majina ya utani kwenye orodha, wakati mwingine ndiyo pekee yanayojulikana.

Klabu nayo hubadili jina. Aliyetwaa ubingwa wa kwanza wa taifa mwaka 1965 aliusajili mguu wake kwa Sunderland, jina la Simba lilikuja 1971. Hapo sina shaka, ni klabu ile ile, anaingia. Wapo wasiohitaji hata karatasi: Abdallah Kibadeni wa Simba alifunga mabao matatu kwenye 6-0 dhidi ya Yanga, Julai 1977, na sijawahi kuona mtu wa Yanga anayeomba fomu ya usajili kuthibitisha.

Kazi iko pembeni, kwa watu wa mpakani. Yupo aliyetambulishwa tamasha la Agosti uwanja ukiwa umejaa, akacheza nusu saa ya mechi ya kirafiki, dirisha dogo akaondoka. Kasajiliwa, na kucheza kacheza, ila mechi rasmi hana. Yupo wa kinyume chake, aliyechukuliwa kwa majaribio kwenye Kombe la Mapinduzi kule Zanzibar, akafunga bao watu wakaliona, na hakusajiliwa kamwe. Waingereza walikutana na fumbo kama hilo mwaka 1939. Ligi yao ilikuwa imechezwa raundi tatu vita ikaanza, msimu ukafutwa, na mechi zile zikaondolewa kwenye kumbukumbu rasmi. Fikiria kijana ambaye mechi zake zote katika klabu ni hizo tatu. Alitoka jasho mbele ya watu, na kwenye hesabu rasmi ya ligi hayupo. Wengi wanaotunza historia za klabu huwaweka watu kama hao ukurasa wa pembeni, na mimi nimewaiga. Wa tamasha na wa majaribio wana ukurasa wao, nyuma.

Lakini aliyenifundisha tofauti hii kuliko kanuni zote ni mzee mmoja aliyekuja ofisini kwa klabu aliposikia kuna orodha inaandikwa. Alivaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko kadi. Picha ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe, kijana mwenye afro, na muhuri wa chama cha mkoa umekatiza bega lake la kushoto. Nafasi: mlinda mlango.

"Kijana, mimi nimo humo?"

Nikamuuliza alicheza mechi zipi, anikumbushe hata moja, nitaitafuta.

Akacheka. "Kucheza? Mwanangu, kipa wetu msimu ule hata malaria haikumpata. Na mbele yangu alikuwapo mwingine. Mimi nilikuwa wa tatu. Nilibeba mipira, niliwapasha wenzangu moto, nilisafiri nao kwa lori mpaka Tabora."

Nikawa natafuta maneno ya kumwambia. Nilishaanza kusema kwamba kwa heshima yake tunaweza kumweka tu, nani atajua. Akaninyoshea kiganja.

"Usiniongezee. Waliocheza wengine wako hai, watanicheka. Andika nilisajiliwa. Hiyo ndiyo kadi, na huo ndio muhuri."

Nikamwandika. Orodha sasa ina sehemu mbili, waliocheza na waliosajiliwa, na ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza. Jina lake liko ya pili, ukurasa wake wa kwanza, na picha ya kadi tumeiweka pia kwa ruhusa yake. Alikuja kuiona na mjukuu wake wa kike, akamsomea mwenyewe, neno kwa neno, "a-li-sa-ji-li-wa".

Kwa hiyo ndugu yangu mtangazaji, nakusikiliza kila jioni na nitaendelea kukusikiliza. Mgeni wako yule akirudi studio, mtambulishe tu kuwa aliwahi kusajiliwa na Simba. Hatakohoa.