Kabla hujabandua rangi ya Land Rover ya babu, shika sumaku kwanza

Juzi kaja jamaa gereji kwangu hapa Mbeya na milango miwili ya Land Rover Series III ya marehemu babu yake, imetoboka toboka kama nguo iliyoliwa na mende. Namuuliza umefanyaje, anasema aliambiwa aloweke kwenye kostiki soda usiku kucha rangi itatoka yenyewe. Kweli imetoka, na bati nalo limeondoka nayo. Ile bodi ni aluminiamu jamani! Gari hizi zilipoanza kutoka kule Uingereza 1948 chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, ndo maana bodi wakaweka aluminiamu, na aluminiamu na kostiki haviivi chungu kimoja, inachemka, inatoa haidrojeni ambayo cheche moja tu inawaka.

Ndo maana mimi natembeza sumaku kwanza. Ikinata vizuri ni chuma, isiponata kabisa ni aluminiamu au kuna puti nene (ule udongo wa kuzibia mabonde ya bati), gonga na kucha utasikia, puti inalia bubu (kuna fundi alificha dhambi zake hapo). Mlango wa Series pima katikati, maana fremu yake ya ndani ni chuma.

Kupiga mchanga kwa kompresa? Chasi na rimu sawa. Boneti hapana. Bati likipinda watu wanalaumu joto, kumbe zile punje zinagonga uso wa bati upande mmoja unatanuka, na bati lenyewe unene wake ni kama milimita moja, linavimba kama chapati na hulinyooshi tena. Halafu vumbi la mchanga wa mtoni lina silika, likiingia mapafuni halitoki, na kujifunga kitambaa mdomoni ni kujidanganya.

Kwa bodi mimi natumia rimuva, dawa ya kubandua rangi. Unapaka nzito, unafunika na nailoni isikauke, rangi ikijikunja unakwangua na kipande cha plastiki, ila kwenye maungio usifike, acha vidole viwili umalizie na msasa, maana rimuva ikijificha mle itakuja kuvimbisha rangi mpya. Soma kopo, kama ina dikloromethani achana nayo, mwilini inageuka kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, Marekani 2019 walikataza isiuzwe kwa watu wa kawaida. Na hata rimuva isiyo nayo, najua Julai Mbeya baridi inauma lakini usijifungie ndani nayo, fanyia nje.

Msasa wa mashine namba 80 nao unafaa, taratibu, ukiona bati la chuma limekuwa la bluu umeshaliunguza. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, ni sumu, vaa maski ya kweli na watoto wakae mbali.

Na masika usibandue gari zima kwa mkupuo, bati la chuma likilala tupu usiku mmoja asubuhi limeshakuwa jekundu, bandua kile utakachowahi kupaka praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kukinga bati) siku hiyo hiyo.

Yule jamaa fremu zake nzima, kostiki haijazigusa, tunakata ngozi mpya, yaani bati la nje. Boneti kaileta jana, bado ina rangi yake, nikampa sumaku apime mwenyewe.