Je, wajua kwa nini baadhi ya wanawake huvutiwa na wanaume wenye haiba ya kike?

Tuseme umewekewa sura ya mwanaume kwenye kompyuta. Ukivuta kipanya kulia, taya linapanuka, nyusi zinashuka, midomo inakonda. Ukivuta kushoto, taya linanywea, macho yanaonekana makubwa, midomo inajaa. Mtu ni yuleyule. Unaambiwa: vuta mpaka akupendeze.

Wengi wetu tungebashiri kwamba wanawake wataishia kwenye taya pana. Mwaka 1998, David Perrett wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la namna hiyo katika jarida la Nature, na washiriki wa Japani na wa Scotland walielekea upande uleule: sura ya kiume iliyolainishwa kidogo ndiyo iliyopendeza zaidi. Kidogo, si mpaka mwisho. Sababu inaonekana katika sifa walizozipa sura hizo. Zile za taya pana zilionekana za mtu mwenye amri, lakini pia mkavu, asiye mwaminifu sana na asiyefaa sana kulea. Bila shaka taya halimfanyi mtu mwongo. Ila macho hayangoji ushahidi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Nguvu za mwanaume ni ngao zikiwa upande wako, na ni tishio zikikugeukia. Mwanamke anayemtazama mwanaume laini huenda anaona mtu ambaye hatahitaji kumwogopa chumbani.

Mwili wenyewe nao unajua ulaini. Mwaka 2011, utafiti uliofuatilia wanaume 624 huko Cebu, Ufilipino, ulionyesha kuwa wenye testosteroni nyingi, yaani homoni kuu ya kiume, ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kupata mwenza na mtoto. Walipokwisha kuwa baba, homoni hiyo ilishuka, na waliotumia saa nyingi na watoto walikuwa nayo kidogo zaidi.

Kwa muda mrefu ilisemwa pia kwamba mwanamke hupenda sura za kiume zaidi siku zake za kushika mimba, na sura laini siku nyingine. Magazeti yaliipenda sana hadithi hiyo. Mwaka 2018 watafiti waliwapima wanawake 584, homoni na yote, na hawakupata ushahidi wa maana.

Lakini si sura tu. Tunaposema "wa kike" tunafunga mambo mengi kwenye furushi moja: ngozi iliyotunzwa, mavazi ya rangi, mikono inayocheza wakati wa kuongea, kusikiliza, kulia bila aibu. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Sandra Bem alitoa kipimo kilichopima sifa za kiume na za kike kila moja peke yake, kwa hoja kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na zote kwa wingi. Mwanamke naye anaweza kulifungua furushi na kuchagua. Mmoja anapenda kwamba jamaa anaongea yaliyo moyoni. Mwingine amechoka kucheza nafasi ya mdogo anayelindwa, na kwa mwanaume huyu anapata nafasi ya kutangulia. Mwingine anauona ujasiri, maana mwanaume anayejipamba huku akijua atachekwa hajakosa moyo. Na wapo ambao wanapenda uzuri tu, basi.

Watu hudhani haraka kwamba mwanaume wa namna hiyo havutiwi na wanawake. Mwenendo wake hausemi anampenda nani.

Na ukitaka kuona furushi lilivyofunguka, acha picha, sikiliza. Katika majaribio ya sauti, wanawake kwa kawaida huchagua iliyo nzito. Kwa hiyo si ajabu mwanamke yuleyule aliyevuta kipanya kushoto akitaka midomo ile iliyojaa itoe sauti ya besi.